Niliwafungulia Wote Ukurasa, Kisha Nikafuta Mstari Mmoja

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu najua wengine mtatafuta wa kumlaumu: mtandao, Marekani, wazee wetu waliokufa bila kusema mambo yao. Msijisumbue. Niliyefanya ni mimi, kwa kidole changu hiki cha shahada, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na kikombe cha chai pembeni.

Jina langu silitaji. Minneapolis na mwenzake Saint Paul ni miji mikubwa kwenye ramani tu. Sisi watu wa pwani ya Kenya tulioko huku tunajuana hadi rangi za magari. Wapo watakaonitambua kabla hawajafika katikati ya barua hii. Basi na wanitambue! La kuniumiza limeshaniumiza.

Nina kibanda cha kutengeneza simu ndani ya jumba la maduka. Nabadilisha vioo, nauza kava na chaja, nawarudishia watu picha walizodhani zimepotea. Kila siku namwambia mteja mmoja au wawili kwamba kitu kikishaingia kwenye mashine hakitoki kirahisi, kwa hiyo asilie, tutakipata. Nawaambia wengine! Mwenyewe nilijifanya sijui.

Nyumbani ni Hopkins, pembeni mwa Minneapolis, kwenye fleti za zamani ambazo bomba zake za joto hugonga kutwa msimu wa baridi. Mke wangu nitamwita Salma. Tuna mtoto mmoja tu, binti, nitamwita Rukia. Tulimzaa Mombasa, tukaja naye huku akiwa na miaka sita. Kiswahili anakifahamu chote, hata kile cha kusengenyana, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, akichanganya na vijineno vyetu viwili vitatu ili asituudhi. Amesomea kompyuta na ana kazi nzuri. Yeye ndiye aliyenifundisha kujenga tovuti yangu.

Tovuti yenyewe ilihusu mtaa wetu wa zamani kule Mombasa. Niliweka picha za milango, nikaandika habari za maulidi, za mpishi wetu wa biriani aliyekuwa haruhusu mtu kufunua sufuria yake, za mwalimu wa chuo cha Kurani na bakora yake. Watu wa mtaa waliotawanyika London, Muscat na Toronto wakawa wanasoma na kunitumia salamu. Wengine waliniita mwanahistoria. Mimi, fundi simu! Nikavimba kichwa.

Lakini kila nikiandika jambo, mtu hupiga simu kunisahihisha. Nyumba ile haikuwa ya fulani, ilikuwa ya shemeji yake. Harusi ile haikuwa mwaka ule. Nikachoka. Ndipo nilipomwambia Rukia nataka sehemu moja katika tovuti ambayo mtu yeyote wa mtaa ataweza kuingia akaandika mwenyewe, na akiona mwenzake amekosea, arekebishe papo hapo bila kunipigia simu.

Alikaa kwenye kochi letu na kompyuta mapajani, akaimaliza mchana mmoja. Kabla hajanikabidhi alinigeuzia kioo.

"Baba, uki-open hii kwa watu, it's not yours anymore," akaniambia. "Wataandika what they know. Si what you like."

Nikamjibu kwamba ndivyo ninavyotaka. Akanionyesha kitufe kidogo juu ya ukurasa. Ukikibonyeza kinafunguka orodha ya kila neno lililoandikwa, kila lililofutwa, jina la mhusika na saa yenyewe. Hiyo ndiyo historia ya ukurasa, na hakuna anayeweza kuigusa isipokuwa mwenye ufunguo wa ndani. Ufunguo huo alibaki nao yeye, kwa sababu mimi nenosiri hunikaa kichwani siku mbili.

Ukurasa ukawaka moto! Wiki ya kwanza wazee wawili waligombana juu ya nani alifunga bao katika mechi fulani ya mtaa, huyu anafuta anaandika lake, yule anafuta anarudisha. Wanawake wakaandika majina ya makungwi na nyimbo za harusi. Mtu mmoja wa Muscat akaandika mistari kumi juu ya mahamri ya bibi mmoja, mpaka nikasikia njaa nikiwa kazini. Nilikuwa nafungua ule ukurasa hata kabla ya kufungua kibanda.

Halafu mtu akaandika jina langu la utani la utotoni. Silisemi hapa. Nikalifuta haraka. Jioni Rukia akaja kula, akakaa mezani, akaniita kwa jina lile lile, huku akicheka hadi machozi yanamtoka. Alikuwa amebonyeza kile kitufe. "Umeifuta, but it's still here, Baba. I see you," akaniambia. Tulicheka sote watatu. Nalikumbuka hilo kila siku, kwa sababu sina pa kujificha. Siwezi kusema sikuonywa.

Sasa niwaambie habari za Nasir.

Nasir ni kijana wa Blaine, kule kwenye nyumba mpya mpya ambako bila gari hufiki popote. Baba yake, Bwana Athman, ni mtu wa mtaa wetu. Ujana wake wote alikuwa Muscat akifanya kazi, baadaye akaja huku Minnesota na familia. Marehemu mama yake, Bi Khadija, nyumba yake na nyumba ya mama yangu zilitenganishwa na ukuta mmoja, na uani kulikuwa na mlango mdogo wa kupitishiana moto na chumvi. Bi Khadija alizaa mapema na akazaa hadi uzeeni. Bwana Athman ni kifungua mimba wake, na mdogo wake wa mwisho anakaribiana umri na Rukia wangu.

Nasir alipoleta posa, nilitaka kuruka. Katika baridi hii, katika nchi hii ambako kila mzazi anaomba tu mtoto asimletee mtu asiyejulikana, mimi naletewa mjukuu wa jirani yangu! Na kulikuwa na jambo jingine. Miaka mitatu nyuma Rukia alikuwa na mchumba aliyemwacha wiki chache kabla ya harusi, kwa ujumbe wa simu. Mtoto alikonda. Alikuwa anakuja kula kwetu anageuzageuza kijiko, anaondoka. Nasir ndiye aliyemrudishia kicheko. Nilimsikia Rukia akicheka na simu jikoni kwetu, kicheko kile cha zamani, nikamshukuru Mola nimesimama palepale na sahani mkononi.

Basi siku ikapangwa. Ukumbi ukachukuliwa, kadi zikasambazwa, Salma akaagiza kanga na asumini kutoka Mombasa.

Zilibaki wiki tatu. Nilikuwa kibandani, nimetoka kuswali adhuhuri, nimemimina chai, nikafungua ukurasa kama kawaida yangu. Kulikuwa na mstari mpya chini ya jina la Bi Khadija. Aliyeandika ni Mwalimu Zainabu, mwanamke mzee wa mtaa wetu, mwalimu mstaafu, mtu ambaye hajawahi kuongeza chumvi kwenye neno lolote maishani mwake. Aliandika hivi:

"Bi Khadija alikuwa na moyo wake peke yake. Salma alipolazwa hospitali kwa homa baada ya kujifungua, kichanga chake Rukia kilikataa maziwa ya kopo. Bi Khadija, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mchanga, alimnyonyesha siku kumi, asubuhi, mchana na jioni, mpaka mama yake akatoka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpitisha mtoto kwenye mlango wa uani. Mungu amrehemu."

Hakujua habari za posa. Alikuwa anamwombea marehemu rehema tu.

Kwa wasiojua dini yetu, niwafafanulie. Mtoto mchanga akinyonya ziwa la mwanamke mara tano akashiba, mwanamke yule anakuwa mama yake, na wanawe wote wanakuwa ndugu zake, sawa na wa tumbo. Hawaoani. Ndiyo maana kwetu mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake jambo hutangazwa, watu wanaambiwa, watoto wanakua wakijua. Ikiwa Rukia alinyonya kwa Bi Khadija, basi Bwana Athman ni kaka yake. Na Nasir ni mtoto wa kaka yake. Rukia ni shangazi yake Nasir.

Nilisoma mara ya pili. Chai ikapoa.

Ningependa kuwaambia sikuamini. Lo, ningependa sana! Lakini nilikumbuka kopo. Salma alipolazwa, nilinunua kopo la maziwa ya watoto nikamkabidhi mama yangu, kisha nikarudi bandarini nilikokuwa kibarua, natoka alfajiri narudi usiku. Siku ya kumi Salma aliporudi nililiona lile kopo juu ya kabati, na muhuri wake haujakatwa. Nikamuuliza mama mtoto alikula nini. Akaniambia mtoto ameshiba, mambo ya wanawake niwaachie wanawake, na mke wangu nisimsumbue na maswali. Mama mzazi wa Salma alikuwa hasemezani na Bi Khadija kwa ugomvi wa zamani. Nadhani mama alikwepa maneno. Lile kopo tulilimalizia kwenye chai.

Kwa hiyo nilijua. Si kwamba nilishuku. Nilijua palepale, pale kibandani, huku mteja akinigongea kaunta na kuniuliza bei ya kioo.

Nikamhudumia yule mteja. Kisha nikakamata ule mstari kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, nikaufuta.

Nilikumbuka kile kitufe, ndiyo. Nilijua mstari umebaki ndani, na jina langu pembeni yake. Kuuondoa kabisa kulihitaji ufunguo wa Rukia, na kumwomba Rukia ufunguo ni kumwambia. Nikajiambia nani ana muda wa kusoma historia ya ukurasa? Watu wanasoma kilichopo. Nikajiambia bibi mzee huenda amechanganya watoto. Nikajiambia Mungu ni mwenye huruma. Mtu akitaka kudanganya nafsi yake hakosi maneno.

Baada ya siku mbili mstari ulirudi. Mwalimu Zainabu alikuwa ameuandika upya wote, neno kwa neno, na juu yake akaongeza kwamba labda mara ya kwanza hakubonyeza vizuri.

Nikaufuta tena. Kisha nikampigia simu Mombasa. Nilimsalimia vizuri, shikamoo Mwalimu, nikamuuliza magoti yake. Halafu nikamwambia kwamba familia ya marehemu haipendi mambo ya ndani ya wanawake yawekwe hadharani. Uongo mtupu. Familia haikuwa imesikia lolote. Mwanamke yule aliyenifundisha kushika kalamu akaniomba radhi.

"Nisamehe mwanangu, ni uzee," akaniambia. "Sikufikiri."

Nikamsamehe! Nilitamka kabisa kwamba hakuna neno, nimemsamehe. Nilipokata simu nikafunga ukurasa usiandikwe tena na mtu yeyote, nikaweka tangazo kwamba ukurasa uko kwenye matengenezo. Watu wakalalamika wiki moja, wakasahau.

Nikaha ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Na mjue kwamba kwetu baba ndiye walii. Si sheikh anayeoza, ni mimi. Nilikaa magoti kwa magoti na Nasir, nikaushika mkono wake, nikatamka mbele ya watu kwamba nimekuoza binti yangu. Mkono wa kijana ulikuwa na jasho kwa woga, na mimi wangu ulikuwa mkavu kabisa. Ndani wanawake wakapiga vigelegele. Cha Salma nilikitambua kati ya vyote.

Siku zikapita. Wakapanga nyumba karibu na wazazi wa Nasir. Jumapili walikuwa wanakuja kwetu kula. Nasir ana adabu, alikuwa anavua viatu nje kwenye theluji asije akamchafulia Salma zulia. Nilianza kusahau. Wallahi nilianza kuamini kwamba nilifanya jambo jema, kwamba mwanamume lazima wakati mwingine abebe mzigo peke yake ili wengine wacheke. Nilijiona shujaa. Aibu yake!

Miezi saba baadaye Rukia alikuwa na mimba ya miezi mitano. Salma, kwa furaha, akamtumia Mwalimu Zainabu picha za harusi na za mtoto wetu akiwa ameshika tumbo. Mwalimu akapiga simu kupongeza. Nilikuwa kwenye kiti changu, nasikia upande mmoja tu wa maneno. Salma akasema ndiyo, ameolewa hukuhuku, na kijana wa mtaani kwetu hasa. Akasema ni mtoto wa Athman. Akasema, ndiyo, Athman wa Bi Khadija.

Halafu Salma akageuka. Simu ikiwa sikioni, macho yake yakanijia taratibu.

Alipokata aliniuliza kama mimi najua lolote. Nikamwambia bibi amezeeka, anachanganya watu. Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kusema kweli nikiwa nyumbani kwangu, na mke wangu peke yake. Niliitupa.

Salma hakubishana nami. Alimpigia sheikh wa msikiti wetu. Sheikh akachukua siku kadhaa kuongea na Mombasa: Mwalimu Zainabu, na wanawake wengine watatu waliokuwa wakiingia na kutoka katika nyumba zile mbili wakati ule, mmoja mmoja, bila wenzake kusikia. Kisha akatuita sote nyumbani kwa Bwana Athman kule Blaine, Jumamosi mchana.

Sebule ilikuwa kubwa, na sisi tulikuwa wachache. Bwana Athman na mkewe, Nasir, Salma, mimi, sheikh. Rukia alikaa kwenye kiti cha pembeni na koti lake hajalivua. Sheikh ni mtu mpole, na siku ile alisema polepole zaidi. Alisema wanawake wote wanne wamekubaliana. Alisema mtoto aliye tumboni ni halali, ana baba yake na jina lake, na mtu asithubutu kusema vingine. Alisema Nasir na Rukia hawana dhambi yoyote kwa sababu hawakujua. Lakini kuanzia saa ile si mume na mke.

Nasir alitoa sauti, si neno, sauti tu. Mama yake akamshika kichwa kama mtoto.

Sheikh akasubiri. Kisha akatutazama sisi wazee, akauliza, "Kuna mtu yeyote humu aliyelijua jambo hili kabla ya nikaha?"

Bwana Athman akasema yeye alikuwa Muscat miaka ile. Salma akasema alikuwa hospitalini hajitambui, na hakuna aliyemwambia. Nikaja mimi. Nikatazama zulia. Lilikuwa zulia jekundu lenye maua ya buluu, na ua moja lilikuwa limechomwa na kaa la udi.

Rukia akatoa simu kwenye mfuko wa koti. Mwalimu Zainabu alikuwa amemwambia kwamba aliandika kwenye ukurasa, mara mbili, na kwamba mimi nilimpigia. Akasoma kilichokuwa kwenye kioo, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Mstari umeandikwa. Mstari umefutwa, jina langu, saa saba na dakika arobaini mchana. Mstari umeandikwa. Mstari umefutwa, jina langu. Ukurasa umefungwa, jina langu.

Akaiweka simu chini. Na mtoto wangu ambaye tangu akiwa darasa la pili hajawahi kunijibu kwa lugha yangu tupu, siku ile aliniambia kwa Kiswahili kilichonyooka, kile cha mama yangu:

"Baba, ulijua."

Nikasema nilitaka afurahi. Nikasema nilikumbuka alivyokonda mara ya kwanza, nisingestahimili kumwona vile tena. Na ni kweli, jamani. Ni kweli! Lakini kulikuwa na mambo mengine ndani yake, kadi zilizokwisha kutoka, ukumbi, watu wa London waliokwisha kukata tiketi, mimi mwanahistoria wa mtaa nitasimama wapi. Hayo sikuyasema.

"Ungeniambia siku ile, ningelia nikamaliza," akasema Rukia. "Sasa nikalie wapi?" Akaweka mkono juu ya tumbo lake, akasimama, akaenda kuvaa viatu. Salma akamfuata. Mimi nilirudi Hopkins peke yangu, na katika barabara ile yote sikumbuki kama niliwasha taa za gari.

Sasa hivi Rukia anakaa Champlin, kwenye nyumba ya kupanga si mbali na mto. Amejifungua mtoto wa kike. Amempa jina Khadija, jina la mama yake wa kunyonya. Nasir anakwenda kumwona mwanawe kila Jumamosi. Kwa sheria ya dini sasa Rukia ni shangazi yake, wala hahitaji kujifunika mbele yake, anaweza hata kumshika mkono. Salma ananiambia Nasir hukaa karibu na mlango, anambeba mtoto, na hajui amwite nani mama wa mtoto. Hamwiti chochote.

Salma hajaniacha. Anapika, ananiwekea chakula, anakwenda Champlin siku nne kwa wiki, akirudi nguo zake zina harufu ya mafuta ya mtoto. Nikiuliza mtoto anaendeleaje ananijibu, mzima. Neno hilohilo moja. Miezi mitano sasa, mjukuu wangu sijamshika. Bwana Athman ananiitikia salamu msikitini, kwa kuwa ni wajibu kuitikia, na anageukia upande wa pili. Mwalimu Zainabu nilimwandikia kumwomba radhi. Amesoma, hajajibu.

Mwenye moyo wa kunitukana anitukane. Mimi hujitukana kila siku mchana, saa saba na dakika arobaini, saa inapofika bila mimi kuitafuta.

Lakini nawaombeni mnisikilize, nyinyi mnaojenga hizi tovuti za koo na za mitaa, mnaofungua kurasa mkisema kila mtu aandike. Msifungue kama hamko tayari kusoma. Mimi nilitaka watu waandike mahamri na mabao. Nilitaka ukweli wa kunisifu. Ulipokuja ule mwingine, nikasahau kwamba mimi ndiye niliyeuita.

Na nyinyi wazazi mlioko ughaibuni, kaeni chini na wanenu leo. Waambieni nani alimnyonyesha nani, nani alilelewa na nani, wapigieni simu bibi zao waulizeni, waandikeni majina. Vijana wetu wanakutana huku kwenye kumbi za harusi na misikitini, wanatoka mtaa mmoja na nyumba zilizopakana, na hawajui lolote. Msingojee posa. Mkishaona kadi zimechapishwa, ulimi huwa mzito, niulizeni mimi.

Ukiujua ukweli unaomhusu mtoto wako, mpe. Alie. Utakaa naye akilia, utamshika, utampikia uji. Ni kazi ambayo baba anaweza kuifanya. Mimi nilijinyima kazi hiyo, na sasa analia mahali ambapo sikaribishwi.

Mstari wa Mwalimu Zainabu umerudi mahali pake, chini ya jina la Bi Khadija. Rukia ndiye aliyeurudisha, na ametia jina lake. Haya yangu yote nilitaka kuyaandika palepale chini ya mstari ule, maana ndiko kunakostahili, watu wa mtaa wayasome. Nikabonyeza, haikukubali. Nikajaribu kwa simu, nikajaribu kwa kompyuta ya kibandani, haikukubali. Ukurasa Rukia ameufungua tena, na kila mtu duniani anaweza kuandika isipokuwa mimi.